Mombasa bila kiingilio: bahari ni yenu, mradi mjue saa zake

SWALI: "Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 6. Katikati ya Desemba tutasafiri kutoka Eldoret kwenda Mombasa kwa arusi ya shemeji yangu. Tutakaa siku nne, na malazi tumepata kwa jamaa huko Kisauni. Nikishatoa nauli na mchango wa arusi, sitabaki na pesa za kuwatembeza watoto. Mama mkwe wangu ana miaka 71, magoti yanamsumbua na anatumia dawa za presha, na hajawahi kuiona bahari maishani mwake. Jirani yangu aliyewahi kufika huko ananiambia hakuna cha bure Mombasa: ufuo wote umechukuliwa na mahoteli, feri ni ya kulipa, na Mji wa Kale mwanamke asiyevaa buibui hufukuzwa. Je, ni kweli? Kuna pa kwenda bila kulipa, au nisiwaahidi watoto kitu?"

JIBU: Waahidi, dadangu. Na mama mkwe mwambie kabisa kwamba ataiona bahari, tena atakaa karibu nayo mpaka achoke mwenyewe. Kazi yangu ni kuongoza wageni katika mji huu, na ninaweza kukuambia bila kusitasita kwamba sehemu kubwa ya Mombasa inayofaa kuonwa haina lango wala tikiti. Jirani yako hakusema uongo kwa kusudi. Nadhani alifika mahali pazuri kwa saa mbaya, na hilo huwapata wengi wanaotoka bara. Cha bure hapa kipo, lakini kina saa zake, na asiyezijua saa hizo ndiye anayeishia kutoa pesa.

Nianze na ufuo. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Hoteli inaweza kumiliki kiwanja kinachopakana na bahari, ikapanda minazi, ikajenga ukuta na ngazi, ikapanga vitanda vya kuotea jua. Lakini mchanga ule ambao maji huufunika na kuufunua kila siku si wake. Ukiwa hapo na wanao, hakuna mlinzi mwenye haki ya kuwarudisha mlikotoka. Vile vitanda, mabafu na vivuli vya makuti vilivyo ndani ya kiwanja ni mali ya hoteli, na huko akiwazuia yuko sawa.

Basi mbona watu hurudi makwao wakiapa kwamba ufuo ni wa mahoteli? Sababu moja ni njia. Haki ya kukaa mchangani unayo, lakini kuufikia mchanga wenyewe kunataka kupita mahali, na sehemu nyingi za Nyali na Bamburi zimepangwa nyumba na hoteli ukuta kwa ukuta. Vijia vya umma vimo katikati yake, vingine vyembamba na havina hata kibao, na mgeni huvipita bila kuviona. Ninyi msihangaike navyo. Nendeni ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao kila makanga anaujua kwa jina la Pirates. Kutoka Kisauni mnapanda matatu zinazoelekea Mtwapa kwa barabara ya Malindi, mnashuka stejini, mnatembea kidogo mnaingia ufuoni. Hakuna kiingilio.

Sababu ya pili ndiyo ambayo jirani yako hakuambiwa, nayo ni maji yenyewe. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwa sababu ya mvuto wa mwezi ukisaidiwa na wa jua. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika chache, na kila siku mpya saa hizo huchelewa kwa takriban dakika 50. Mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, mwezi na jua huvuta kwa mstari mmoja, na hapo ndipo huja bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ya mita tatu na zaidi hapa Mombasa. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo haiendi pamoja, tunapata maji mafu, yanayopanda kidogo na kushuka kidogo.

Sasa mfikirie mgeni aliyefika ufuoni saa kumi na moja jioni siku ya bamvua. Maji yamejaa mpaka yanagonga kuta za hoteli. Mchanga wa umma upo, lakini uko chini ya maji. Pakavu palipobaki ni bustani ya hoteli tu, na akipanda hapo mlinzi anamshusha. Huyo mtu atakwenda zake akiamini Mombasa haina ufuo wa mwananchi, na laiti angefika saa nne asubuhi ya siku hiyohiyo, angekuta uwanja wa mchanga ambao watoto wangekimbia mpaka wachoke.

Kuna kanuni ambayo wenyeji wengi wa pwani wanaijua kichwani. Siku za bamvua, maji hujaa karibu saa kumi hadi kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa karibu saa nne hadi tano, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa kiasi karibu saa nne au tano asubuhi, na kupwa alasiri. Siku zilizo katikati zitakuwa katikati. Kwa hiyo mkifika Kisauni usiku wa kwanza, tokeni nje mtazame mwezi. Ukiwa mduara kamili au haupo kabisa, asubuhi ya kesho ni ya kutembea juu ya mwamba. Ukiwa nusu, asubuhi ya kesho ni ya kuogelea. Kama jamaa zenu au majirani zao wanafuata kalenda ya Kiislamu, ulizeni tu mwezi ni tarehe ngapi: tarehe 1 na 15 ziko kwenye bamvua, tarehe 8 na 22 ziko kwenye maji mafu. Ukimwuliza mvuvi yeyote utapata jibu la uhakika zaidi, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Nimesema kutembea juu ya mwamba, na hilo nataka ulipe nafasi, maana kwa mtoto wa miaka 11 naona ni bora kuliko kuogelea. Maji ya bamvua yakipwa, yanaacha vidimbwi kwenye miamba na mchanga, na kila kidimbwi kina wakazi wake. Kuna kaa wadogo waliojiazimia makombe ya konokono, wakiguswa na kivuli tu hujivuta ndani. Kuna viti vya pweza, viumbe kama nyota vyenye miguu mitano, vingine vimelala palepale kwenye maji ya kufika kifundoni. Kuna samaki wa ukubwa wa kidole waliofungiwa humo wakisubiri bahari irudi kuwachukua. Waambie watoto waangalie bila kung'oa na bila kubeba. Kiti cha pweza kikitolewa majini kwa ajili ya picha hufa upesi, na vijana wa ufuoni wanaowaletea wageni wanyama hao mkononi hufanya hivyo wakitarajia kulipwa.

Kwa safari hiyo ya mwambani vaeni viatu, hata kama ni raba kuukuu au malapa yenye mkanda wa nyuma. Kuna viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama sindano, hukaa kwenye nyufa na chini ya majani ya bahari. Mwiba wake huingia mguuni na kukatika. Pia msiende mbali mkasahau saa. Maji yakianza kurudi huja kwanza nyuma yenu, yakijaza mifereji mliyoivuka bila kuiona, na ndipo watu hujikuta wamekwama juu ya mwamba. Mkiona maji yameanza kusogea kwenye vidimbwi, geukeni.

Kuhusu kuogelea, mbele ya Bamburi na Nyali kuna mwamba mrefu wa matumbawe unaovunja mawimbi ya bahari kuu, ndiyo sababu maji ya ndani yametulia kuliko watu wa bara wanavyoyaogopa. Lakini kutulia si kina kifupi. Yule wa miaka 6 awe mahali ambapo mkono wako unamfikia, hata kama ana boya, na hasa akiwa na boya, kwa sababu upepo wa kaskazi wa Desemba husukuma tyubu haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kukimbia majini. Kaeni karibu na walipo waokoaji. Tokeni majini kabla jua halijatua. Na jambo moja zuri la msimu wenu: majani ya bahari, ambayo wakati wa kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, hulundikana ufuoni na kunuka, wakati wa kaskazi huwa machache.

Pirates ni bure kuingia, ila usiende ukidhani hakuna atakayekuomba pesa. Kuna wenye ngamia, wenye farasi, wakodishaji wa tyubu, wapiga picha, wenye mashua za sakafu ya kioo, na kila mmoja wao anatafuta riziki ya siku. Watoto wakipandishwa ngamia kwanza na bei ikatajwa baadaye, utalipa tu. Zungumza na wanao mkiwa bado nyumbani: tunakwenda baharini, hatupandi kitu, hatukubali kupigwa picha na mtu tusiyemjua. Ukiona unaweza kumlipia kila mmoja jambo moja, chagua tyubu, na taja bei na muda kabla hajaingia ndani yake. Bebeni maji ya kunywa kutoka nyumbani, na sarafu za choo.

Mama mkwe sasa. Mchanga laini haufai magoti mabovu, unachosha kuliko mlima. Bahari yake ya kwanza nisingempeleka Pirates, ningempeleka Mama Ngina, bustani iliyo upande wa kusini wa kisiwa, inayotazama mlango wa bahari wa Kilindini. Ilikarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019, na Mashujaa Dei ya mwaka huo ilifanyiwa hapo. Kuingia ni bure. Njia zake ni za sakafu, kuna viti vya kukalia na kuta fupi, na mibuyu minene iliyokuwepo kabla ya yeyote kati yetu hajazaliwa. Tuktuk inamfikisha karibu.

Mpeleke saa kumi na nusu alasiri, jua likiwa limepungua makali, mkae mpaka magharibi. Meli zote zinazoingia na kutoka bandari ya Kilindini lazima zipite hapo, na mlango ni mwembamba kiasi kwamba meli ya makontena ikipita utafikiri jengo la ghorofa limeng'oka linatembea. Boti ndogo za bandari huisindikiza. Hakuna ratiba ya kuwapa, lakini ni mara chache kukaa saa mbili bila kuona hata moja. Hapo kwenye kingo za mawe msimruhusu mtoto kushuka kwenda majini. Mkondo wa mlango ule una nguvu, na miamba inakata.

Kwenye Mama Ngina mtakula kitu, najua, kwa sababu harufu yenyewe haivumiliki. Mihogo hukaangwa palepale, ikitolewa kwenye karai hupasuliwa katikati kwa kisu, mpasuko unajazwa chumvi na pilipili ya kusaga, kisha ndimu inakamuliwa juu mpaka majimaji yanakimbilia vidoleni. Kwa watoto sema mapema "bila pilipili", maana muuzaji mkono wake umezoea. Kuna madafu, mabuyu yenye rangi ya kupaka ulimi, na achari za maembe. Si bure, lakini ni chakula cha bei ya mtu wa kawaida, na ukiwa na pesa kidogo za kutumia katika siku hizo nne, mimi ningezitumia hapo.

Mlango uleule wa bahari ndio unaovukwa na feri ya Likoni, na hapa jirani yako amekosea kabisa. Anayetembea kwa miguu halipi chochote, kwenda wala kurudi. Wanaolipa ni wenye magari. Kwa watoto, kuvuka bahari wakiwa wamesimama kwenye chombo kikubwa hivyo ni tukio la kusimulia darasani Januari, na ni dakika chache tu. Lakini feri si chombo cha matembezi, ni barabara ya watu wanaokwenda kazini. Asubuhi kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi mpaka saa moja usiku, msongamano ni wa kusukumana. Mkitaka kuvuka, vukeni kati ya saa nne na saa nane mchana. Shikaneni mikono wakati wa kushuka, simu na pesa ziwe mbele, kaeni mbali na magari yanayopanda na kushuka. Msipige picha za feri wala za bandari, maofisa wa usalama hawalichukulii jambo hilo kwa mzaha. Bibi abaki Mama Ngina na mtu mmoja. Miteremko ya kivukoni itamtesa bure.

Suala la buibui limenigusa, kwa sababu linawafanya wageni waogope mtaa wenye watu wakarimu sana. Hakuna anayefukuza mwanamke Mji wa Kale kwa mavazi. Ni mtaa kama mitaa mingine, una Waislamu wengi, una Wahindi, Mabohora, Wabajuni, Wamijikenda, watu wa bara waliohamia. Kinachotakiwa ni staha: nguo inayofunika mabega na magoti, na ukijitanda leso utapendeza na jua halitakuchoma shingo. Mkipita baraza penye wazee, wasalimuni kwanza. Shikamoo inatosha, na mtoto anayeamkia mzee katika mtaa huo huitwa karibu haraka sana. Usipige picha watu, hasa wanawake na walio vibarazani, bila kuomba. Usiingize kamera kwenye mlango wa nyumba ulio wazi. Misikiti iangalieni kwa nje, na mkitamani kuingia, ulizeni kwanza.

Njooni asubuhi, saa moja na nusu hadi saa nne, kabla jua halijapanda. Anzieni kwenye uwanja wa mbele ya Fort Jesus. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na hata bila kuingia unaona jinsi kuta zilivyoota juu ya mwamba wa matumbawe, hujui mwamba umeishia wapi na jengo limeanzia wapi. Halafu fuateni Ndia Kuu. Jina tu litamwambia mtoto kwamba hii ndiyo ilikuwa barabara kuu, na upana wake atajipimia kwa kunyosha mikono. Tazameni juu mwone roshani za mbao zilizochongwa, tazameni milango: nakshi za maua na minyororo kwenye miimo, na ile nguzo ya katikati ambayo mabawa mawili hukutania. Mpe mtoto mkubwa kazi ya kutafuta milango miwili inayofanana. Atazunguka sana, kwa sababu fundi wa zamani hakupenda kurudia.

Endeleeni mpaka mfike msikiti wa Mandhry, ambao husemwa ulijengwa karibu mwaka 1570, maana yake ulikuwepo kabla ya ngome. Mnara wake ni mweupe, mnene, umechongoka juu, hauna nakshi nyingi. Karibu na hapo kuna nyumba ya Leven na ngazi zinazoshuka hadi bandari ya kale, ambako majahazi yamekuwa yakitia nanga tangu zamani. Jina la Leven ni la meli ya Kiingereza iliyofika hapa mwaka 1824, nahodha wake, Owen, akaiweka Mombasa chini ya ulinzi wa Uingereza kwa muda wa miaka miwili tu, serikali yake ikaukataa mpango wake.

Mkitoka huko kuelekea Barabara ya Digo mtapita Marikiti, soko lililofunguliwa mwaka 1914. Nyuma na kando yake maduka ya viungo yamemwaga bizari, iliki, pilipili manga na mdalasini kwenye magunia. Kunusa ni bure, na wauzaji wengi hawachoki kumweleza mtoto kipi ni kipi ikiwa hamzibi njia ya wateja. Mtaa wa Biashara uko karibu, ndio mtaa wa leso, na watoto wanaojua kusoma wanaweza kupita duka hadi duka wakisoma majina, yaani maneno yaliyoandikwa, ya leso zilizotundikwa. Nakuonya tu kwamba hapo ni vigumu kutoka mikono mitupu ukiwa na mama mkwe.

Kuna watu watakaowafuata Mji wa Kale wakianza kueleza historia bila kuombwa, na mwisho wakadai ujira. Ukimwacha mtu azungumze nusu saa, ni vigumu kumwambia hukumtaka. Sema mwanzoni kwa upole na kwa sauti ya kueleweka: "Ahsante, kaka, twatembea wenyewe." Ukitaka mwongozaji wa kweli, ulizia kwenye lango la Fort Jesus, uone kitambulisho chake, mpatane bei na muda kabla hamjapiga hatua. Nakuambia ukweli ingawa ndiyo kazi inayonilisha: kwa familia inayozungumza Kiswahili, isiyo na haraka na isiyoona haya kuuliza njia, mwongozaji si lazima. Wenyeji watawaelekeza.

Je, ngome yenyewe mlipe muingie? Ndilo swali gumu la safari yenu. Mkenya mwenye kitambulisho hutozwa kidogo kuliko mgeni wa nje, na mtoto hutozwa kidogo zaidi, lakini kwa familia nzima bado ni pesa ya chakula cha jioni. Ndani kuna makumbusho, nyumba ya Waomani, na vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani walipokuwa wameizingira. Kuzingirwa huko kulianza 1696 na kumalizika 1698 ngome ilipoangukia mikononi mwa Oman. Kama mtoto wa miaka 11 anapenda historia, mzazi mmoja aingie naye wawili tu, na wengine wasubiri kivulini nje. Wa miaka 6 na bibi hawatafaidi kiasi cha pesa hiyo, ndani kuna ngazi na jua la kutosha. Haller Park, bustani ya wanyama ya Bamburi, na safari za mashua kwenda hifadhi ya bahari ningeziacha kwa safari nyingine. Ni nzuri, lakini si za bure, na mtu asiwashawishi vinginevyo.

Mko Kisauni, kwa hiyo kuna kitu kingine kiko karibu na mlango wenu ambacho hata wenyeji hukipita kila siku bila kukitazama. Mtaa wa Kengeleni una kengele kweli. Imetundikwa kando ya barabara, Freretown, mahali ambapo wamisionari wa Kianglikana walianzisha makazi ya watumwa walioachiwa huru katika miaka ya 1870, wakapaita kwa jina la Sir Bartle Frere. Kengele hiyo ililizwa kuwaonya watu wale kwamba wafanyabiashara ya watumwa wanakuja. Wakazi wake wengi walitekwa mbali sana na pwani, wasijue njia ya kurudi kwao, na vizazi vyao wengine wapo Mombasa mpaka leo. Mtoto wa miaka 11 ana umri wa kuambiwa jambo hilo, na kuambiwa akiwa amesimama chini ya kengele yenyewe ni tofauti na kusoma kitabuni. Mama mkwe akiwa mtu wa kanisa, ongezeni Kanisa Kuu la Ukumbusho la Kianglikana kwenye Barabara ya Nkrumah, kisiwani, lenye kuba ambalo wageni hudhani ni msikiti. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20 kumkumbuka Askofu Hannington, aliyeuawa mwaka 1885 akielekea Buganda, na wenzake. Ndani kuna ubaridi na viti, na mtu wa miaka 71 akishatembea mjini anahitaji vyote viwili.

Sasa yale ambayo mimi siwezi kuyatatua kwa maandishi. Kabla ya safari, mpeleke mama mkwe kliniki anakochukulia dawa zake za presha, mweleze daktari kwamba anatoka Eldoret kwenye baridi ya mlima kuja kwenye joto na unyevunyevu wa Desemba pwani. Baadhi ya dawa hizo huongeza mkojo, na mtu anayetoka jasho siku nzima anaweza kuishiwa maji mwilini bila kujua. Daktari ndiye atakayesema kama kuna cha kubadilisha. Usikipunguze kidonge wewe mwenyewe. Akiwa hapa, akianza kuchanganyikiwa, kutapika, kuumwa kichwa kikali au kuishiwa nguvu, msisubiri apoe kivulini, mpelekeni hospitali mara moja.

Mwiba wa baharini ukimwingia mtoto, msiuchokonoe kwa pini. Loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia ili kupunguza maumivu, kisha mwende zahanati, hasa mwiba ukiwa karibu na kiungo au ukivimba. Akiguswa na yavuyavu, yule mnyama wa baharini laini kama jeli, ngozi itawaka. Isafisheni kwa maji ya bahari bila kusugua, na akianza kupumua kwa shida au kuvimba uso, hiyo ni dharura ya hospitali. Mtu aliyezama kidogo akatolewa, hata akisema yuko sawa, apelekwe akaangaliwe, hasa kama anakohoa.

Na ikitokea mlinzi au mtu yeyote anawafukuza kwenye mchanga wa umma, msibishane mbele ya watoto. Sogeeni, andika jina la mahali na saa, na uende ofisi ya kaunti au kituo cha polisi kilicho karibu. Malalamiko yakiwa na mahali na saa hushughulikiwa tofauti na kelele za ufuoni.

La mwisho ni siku zenyewe. Umesema katikati ya Desemba, na hilo ni jema. Arusi ikisogezwa mkaangukia tarehe 25, 26 au Januari 1, siku hizo msiende Pirates na mtoto wa miaka 6. Umati huwa mkubwa kiasi cha kupotezana, na nauli za matatu hupanda. Nendeni Mji wa Kale asubuhi, mitaa ikiwa imetulia. Siku ya Ijumaa msipange maduka ya mjini kati ya saa sita na saa nane mchana, mengi hufungwa kwa sala. Na mkiwa na asubuhi moja tu iliyo wazi kabla ya arusi, ipeni bahari, mwezi ukiwa umewaambia usiku wa jana saa ya kufika.